Hamira Hai

Chupa thelathini na mbili ziliharibika kwa mkupuo mmoja, na wa kwanza kuziona ndiye aliyezipenda kuliko wote.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Mtaalamu wa maabara ambaye wenzake walimwita Tulivu, kwa kuwa mkono wake haukuwahi kutetemeka, alifungua kabati la joto kama alivyolifungua kila siku ya kazi kwa miezi minane. Akavuta trei ya kwanza, akaganda. Maji ya lishe, ambayo Ijumaa aliyaacha mekundu na maangavu, yalikuwa yamegeuka manjano, yamejaa ukungu. Akavuta trei ya pili, nayo hivyo hivyo. Akaiweka chupa moja chini ya hadubini, ingawa moyo ulikwisha kumwambia. Seli za figo la ndama, zilizopaswa kulala zimeshikana kama vigae vya sakafu, zilikuwa zimejikunja na kuachana. Katikati yao vilielea vidude vya mviringo, vingine vikiwa na vitoto ubavuni, vimenenepa na kutulia kama wageni wasioalikwa waliokwisha kushiba.

Watu humcheka mtu anayesema na chupa. Tulivu alisema nazo. "Jamani, amewafanya nini huyu?" akaziuliza, na macho yakamwasha.

Daktari, mkuu wa maabara, alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi hivi, na alikuwa na sauti ya upole iliyouma kuliko matusi. Alitazama kwenye hadubini kwa muda mrefu. "Mara ya tatu, dada," alisema. "Mara ya tatu katika miezi minane."

"Naona, Daktari."

"Bila seli hizi hatuna pa kukuzia virusi vya chanjo. Bila chanjo, ng'ombe wa watu watakufa, na sisi tutakuwa tunalipwa kwa kuosha chupa. Wafadhili wameniandikia. Ya nne ikitokea, mradi unahamishwa. Watu tisa, dada. Hesabu na wewe humo." Akavua glavu zake moja baada ya nyingine. "Nataka nijue ni mdudu gani, na nani anamleta. Kipimo ufanye wewe. Mkono wa mwingine siuamini."

Kusifiwa huku kulimwingia Tulivu vizuri, kama kunavyomwingia mtu yeyote ambaye hasifiwi mara nyingi.

*

Kazi yenyewe si uchawi, ingawa mama yake aliiita hivyo. Unachukua maji yaliyochafuka, unayazungusha katika mashine mpaka viumbe vitue chini. Unavipasua kwa dawa na joto, unaitoa DNA yao, ile kamba ndefu iliyoandikwa kila kiumbe alivyo. Unaongeza vipande vifupi vya kuanzia, vilivyoundwa vimshike kiumbe mmoja tu, kisha unakabidhi kila kitu kwa mashine inayopasha moto na kupoza, kupasha na kupoza, mara thelathini na tano. Kila mzunguko, kipande unachokitafuta hujinakili, kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vinne, mpaka kitu kisichoonekana kinakuwa kingi cha kuonekana. Mwisho unakipitisha kwenye jeli kwa nguvu ya umeme, unawasha taa ya zambarau, unatafuta mstari. Kama mstari haupo, ulichokishuku hakipo.

Na kila kipimo lazima kiwe na mashahidi wawili. Mmoja humo maabara walimwita bubu. Ni kijibomba cha maji matupu, na akinyamaza ndipo unapojua kwamba hukuichafua kazi kwa mkono wako mwenyewe. Wa pili walimwita msemaji, yaani kitu unachokijua kwa hakika, ambacho lazima kiseme. Vile vidude vyenye vitoto ubavuni vilifanana sana na hamira, kwa hiyo Tulivu akaamua msemaji awe hamira ya dukani. Hakuwa na haja ya kutuma mtu. Pakiti mpya ilikuwa mkobani mwake tangu jana jioni. Alimnunulia mama.

Jumanne saa tisa alasiri aliwasha taa. Bubu alinyamaza. Hamira ya dukani ilisema. Na pembeni yake, kutoka kwenye chupa za seli, mstari mwingine ulisimama kimo kile kile, uking'aa bila haya.

Alipiga picha, akaandika tarehe, akasaini. Kisha akaisukuma miwani yake juu ya pua kwa nyuma ya kiganja, kama alivyozoea kila mikono yake ilipokuwa na glavu, akaketi kitini bila kufanya kitu chochote.

*

"Hamira ya mkate," alisema Daktari Jumatano asubuhi. Wote tisa walikuwa wamesimama kwenye ujia, karibu na sinki. Picha ya jeli ilipita mkono kwa mkono. "Haikudondoka kutoka mbinguni. Haya, nani anakula mkate humu ndani?"

Macho yana adabu mbaya. Yalikwenda yenyewe kwa mosha vyombo, mtu mzima wa miaka sitini na ushei, ambaye kwa kuwa ndiye aliyetunza lile jungu kubwa la kuchemshia vyombo walimwita Mzee wa Mvuke. Kila siku saa nne alivuta kibago hadi mlango wa chumba cha kuoshea, akaketi, akamimina chai kutoka kwenye chupa yake, akala vipande viwili vya mkate polepole, akitazama ukuta.

"Mimi nakula, Daktari. Lakini nakula nje, mlangoni."

"Mlangoni ni ndani, mzee."

"Sikujua."

"Miaka kumi na moja hujajua? Kuna tangazo pale, limeandikwa kwa herufi kubwa." Mtu mmoja akacheka puani. "Mkate wenyewe unaununua wapi?"

"Sinunui. Napewa."

"Na nani?"

Mzee aliinua macho, akamtazama Tulivu kwa nukta moja tu, akayarudisha sakafuni. "Na mtu mwema," alisema.

Tulivu alihisi masikio yakipata moto. Mkate ule alimletea yeye, kila Jumatatu na kila Alhamisi, umefungwa kwenye karatasi. Hakuna mwingine aliyejua. Kazini alikuwa amesema mama yake amestaafu, anapumzika nyumbani. Hakutaka watu wajue kwamba mama wa mwenye diploma mbili anauza mkate dirishani. Mzee ndiye mtu pekee katika jengo zima aliyemuuliza, siku moja ya mvua, "Nyumbani hawajambo?" na akangoja jibu. Mkate ulianzia hapo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Daktari, bila kumtazama mtu. "Mzee, nenda nyumbani ukapumzike. Ijumaa uongozi utakaa, tutakuita."

Mzee alivua aproni ya mpira, akaikunja mara nne kana kwamba itakaguliwa, akaiweka juu ya sinki, akatoka na chupa yake ya chai. Hakuna aliyemsindikiza.

Hapo palikuwa na kosa, na lilikuwa kosa la watu waliosoma sana. Tanuri huiua hamira. Donge likikandwa huumuka kwa sababu hamira i hai. Likiokwa, basi, msiba umekwisha kuzikwa. Mkate uliookwa, hata uuvunjevunje juu ya chupa zenyewe, hauwezi kupanda hamira mahali. Mpishi yeyote anajua kwamba mkate wa jana hauumuki. Lakini Daktari hakuwahi kukanda donge maishani mwake, na wale wengine, waliosikia neno mkate na neno hamira katika sentensi moja, walitosheka.

Tulivu aliujua ukweli huo Daktari akiwa bado anazungumza. Na akajua la pili lake. Kama si mkate, basi ni donge bichi. Na kati ya watu tisa wale, aliyelala nyumba moja na donge bichi alikuwa mmoja.

Akarudi mezani kwake akapanga pipeti, ile mirija ya kuvutia maji, kwa ukubwa, kisha akazipanga tena.

*

Kila siku saa kumi na moja alfajiri Tulivu alikanda. Vifundo vya mikono ya mama yake vilikuwa vimevimba na kupinda kwa baridi yabisi, hata kufungua kifuniko cha sufuria ilikuwa vita. Kwa hiyo mama alipima na kuamrisha, binti akakanda: kilo tano za unga, mpaka jasho. Kisha alioga, akasugua mikono mpaka kwenye viwiko, akavaa, akaondoka. Donge lilibaki likiumuka chini ya kitambaa. Saa mbili mama aliwasha tanuri la gesi, na saa tatu alifungua dirisha la sebule lililoelekea njiani.

Dirisha hilo ndilo lililomweka mama duniani. Mumewe alikwisha kufa, magoti yalikwisha kukataa ngazi za sokoni, na binti yake hakuwapo tangu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Lakini kuanzia saa tatu watu walikuja. Walimwita Mama Mkate. Walimpa habari za nani kaoa, nani kafukuzwa kazi, nani anajifanya mgonjwa. Naye aliwapa mkate, ushauri ambao hawakuuomba, na utani.

Jumatano jioni Tulivu alimkuta mama mchangamfu.

"Yule anayechechemea mguu wa kushoto amerudi," mama alisema kabla binti hajavua viatu. "Nikamwambia, wewe ulisema mkate wangu mgumu, umerudi kufuata nini? Akasema, Mama Mkate, nimefuata ugumu huo huo." Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe una nini? Umekunja uso kama risiti ya zamani."

"Kazi tu, mama."

"Kazi ndiyo imekukunja hivyo? Bakuli la supu liko pale. Kula. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Tulivu alikula. Alimtazama mama akikusanya makombo kutoka kwenye kizingiti cha dirisha kwa ukingo wa kiganja, kwa sababu vidole havikukunjika vizuri, na akashindwa kusema. Alijiambia kwamba hana hakika. Pengine ilikuwa njia ya hewa. Pengine chupa za lishe zilikuja mbovu kutoka kiwandani. Mwanasayansi hasemi bila ushahidi. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila alipomaliza alimwona Mzee akiikunja ile aproni.

Alhamisi asubuhi alikanda kama kawaida. Miwani ikateleza puani kwa jasho, naye akaisukuma juu kwa nyuma ya kiganja, mkono ukiwa mweupe kwa unga. Akasimama hivyo hivyo, mkono karibu na uso.

"Nini tena?" mama aliuliza.

"Hakuna."

Alioga, akasugua viwiko, akafunga nywele. Miwani alikuwa akiifuta vioo tu, kwa pindo la nguo. Hata siku moja hakuosha fremu, wala bawaba, wala ile mikono yake inayokaa nyuma ya sikio. Na kila siku, kwenye kabati la hewa safi, akiwa na glavu zilizopigwa spiriti, aliisukuma juu kwa nyuma ya kiganja, kisha mkono huo huo ukarudi kwenye midomo ya chupa.

Alipofika kazini alichukua sahani mbili pana za kuoteshea. Kwenye ya kwanza aliibandika miwani yake kwa mbele juu ya lishe laini, akahesabu kumi, akainua. Juu ya ya pili alizifungua nywele zake, akazitikisa. Akazifunga sahani, akaziweka kwenye kabati la joto, nyuma kabisa, bila kuandika jina.

*

Ijumaa mchana, nusu saa kabla ya kikao, alizitoa.

Kwenye sahani ya kwanza vidoa vya rangi ya malai vilikuwa vimeota kwa mpangilio: matao mawili, daraja dogo la pua katikati, na nukta nene mbili pembeni, mahali pa bawaba. Ilikuwa picha ya miwani yake, imechorwa na hamira yenyewe. Kwenye ya pili vidoa vilikuwa vimetapakaa bila umbo, lakini vilikuwa vingi.

Kulikuwa na ndoo ya kutupia vitu vichafu hatua tatu kutoka alipokuwa. Angezitupa, zikachemshwa, zikaisha. Mzee angepewa barua, angeletwa mosha vyombo mwingine, na yeye angenunua miwani ya pili ya kuacha kazini. Nani angejua? Alikaa na wazo hilo kwa dakika nzima, na hakulichukia kama alivyodhani angelichukia. Kisha akaona namna bubu, kile kijibomba cha maji matupu, kilivyokaa pale kwenye picha ya jeli ukutani bila mstari wowote, akaona aibu mbele ya maji.

Chumbani kwa Daktari walikuwamo Daktari, mama mmoja wa utawala mwenye faili, na Mzee wa Mvuke, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi kwa ajili ya kufukuzwa. Tulivu alibisha hodi, akaingia, akaweka sahani mezani juu ya faili.

"Mkate uliookwa hauna hamira hai," alisema. "Huyu mzee hana kosa. Mkate wenyewe nilimpa mimi. Na hamira nimeileta mimi."

Daktari aliinua sahani kwenye mwanga. Usoni mwake yalipita mambo mawili matatu, la mwisho likiwa aibu, kwani lile la tanuri alipaswa kulijua. "Hii ni... miwani?"

"Miwani yangu."

"Na hamira umeitoa wapi?"

"Nakanda mkate kila alfajiri. Mama yangu anauza." Baada ya miaka yote ya kulificha, neno lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani. Mama wa utawala aliandika kitu.

"Tangu lini unajua?" aliuliza Daktari.

"Kuhusu mkate, tangu Jumatano. Kuhusu mimi, leo."

Daktari hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu zaidi. "Dada, mkono wako siwezi kuupata kwingine. Sitaki uondoke. Lakini nitakwambia wanavyofanya maabara nyingine za aina hii, na hata viwanda vya pombe. Mfanyakazi hakandi nyumbani, na nyumbani kwake hapakandwi. Miwani utabadilisha. Nywele utabadilisha? Pua? Shuka unazolalia? Nyumba yenye donge bichi kila siku, hamira inaelea hewani. Chagua. Nakupa mpaka Jumatatu."

Mzee wa Mvuke aliambiwa arudi kazini. Walitoka pamoja yeye na Tulivu, wakaenda na ujia hadi kwenye sinki. Aproni ilikuwa bado pale, imekunjwa mara nne.

"Mzee, nisamehe."

"Umesema ukweli, mwanangu. Nimeshukuru." Aliifungua aproni polepole. "Ila siku mbili ni nyingi. Mke wangu aliniuliza, umeiba nini? Miaka thelathini na nane ya ndoa, akaniuliza nimeiba nini." Akaivaa, akafunga kamba nyuma. "Mkate usiniletee tena. Si kwa ubaya. Utanikwama."

*

Jumamosi Tulivu alimweleza mama kila kitu, kuanzia chupa hadi miwani. Mama alisikiliza huku akisugua vifundo vyake.

"Kwa hiyo wadudu hao hao wanaonilisha mimi," alisema mwishowe, "ndio wanaokunyima kula wewe."

"Ndivyo, mama."

"Wadogo kiasi gani?"

"Elfu kadhaa wanakaa juu ya punje moja ya chumvi."

"Na wamefanya fitina kubwa hivyo. Kumbe ni kama wakwe." Hakucheka mwenyewe. "Sasa?"

"Nimefikiria tufunge dirisha. Mshahara wangu unatutosha wawili. Gesi itapungua, nawe utapumzika, mikono..."

"Nitapumzika," mama alirudia, kama mtu anayeonja chakula na kukiona hakina chumvi. Alitazama nje. Jirani wa mlango wa pili, fundi cherehani, alipita na kupunga mkono, naye akapunga. "Mwanangu, nikuulize. Tangu baba yako aende, mtu akiniita, ananiitia wapi?"

Mama akajijibu mwenyewe.

"Dirishani. Ukilifunga, jioni utanikuta nimekaa pale pale uliponiacha asubuhi. Sikulaumu. Wewe una kazi yako, na ni kazi ya maana, ng'ombe wa watu hao. Lakini usiniambie nitapumzika. Kupumzika ninakujua. Nilipumzika mwaka mzima baba yako alipokufa. Nilikuwa nasikiliza jokofu."

Tulivu aliitazama mikono ya mama, akaangalia dirisha, akajisikia akisema jambo ambalo hakuwa amelipanga.

"Basi nihame mimi. Nipange chumba karibu na kazini. Yule fundi cherehani ana mikono mizima, na mchana hana wateja. Anaweza kukanda, mkagawana."

Akangoja. Alijua anachongoja. Alikuwa na miaka arubaini na miwili, na alitaka mama yake aseme, hapana, mwanangu, afadhali mkate uende. Hakuwa na nia ya kuukubali upendo huo, alitaka tu atajiwe, kisha aukatae, kisha ahame akiwa ameshiba.

Mama alitazama njiani alikopita fundi. "Fundi ana mikono," alisema. "Hilo kweli." Kisha akainuka kwa taabu, akaenda chumbani, akarudi amebeba blanketi kifuani kwa sababu vidole havikuweza kulishika. "Chukua hili zito. Vyumba vya kupanga vina baridi."

*

Chumba kilikuwa na kitanda, meza, sinki dogo na dirisha lililotazama ukuta. Kilikula theluthi ya mshahara. Tulivu alinunua miwani mpya, akachoma moto vitambaa vyake vya kichwa, akanyoa nywele karibu na ngozi. Kila jioni alipofungua mlango, chumba hakikunuka chochote. Mwanzoni aliisifu hali hiyo kwa akili ya kazini. Baada ya wiki mbili alianza kuacha redio ikisema aendapo kazini, ili arudipo akute kuna mtu anaongea.

Sharti la Daktari lilikuwa wazi: asiingie nyumba ile. Mama hakuwa na simu ya maana, na hata waliposemezana, mama alizungumza na simu kama mtu anayeitisha kitu ng'ambo ya mto, akakata haraka ili asimmalizie binti pesa. Miezi ikaenda. Kazini, Mzee wa Mvuke alimwamkia vizuri kila asubuhi, akala vitu vingine kabisa saa nne, na mazungumzo yakaishia kwenye salamu.

Lakini seli zilikua. Chupa mpya, kutoka kwenye akiba iliyogandishwa, zilimaliza mwezi wa kwanza zikiwa nyekundu na angavu, na wa pili, na wa tatu. Kila wiki Tulivu alipima, na kila wiki jeli ilionyesha msemaji peke yake. Ijumaa moja, mwisho wa mwezi wa nne, Daktari alikusanya watu kwenye ujia na kusoma barua. Virusi vya chanjo vilikuwa vimekua vizuri ndani ya seli zile. Wafadhili wameongeza miaka mitatu. "Na ningependa mjue," alisema, "mkono ni wa nani." Watu wakapiga makofi, hata mama wa utawala. Kisha ikawa saa kumi na moja, kila mmoja akachukua mkoba wake, na Tulivu akarudi chumbani na habari kubwa kuliko zote za maisha yake, akaiambia redio.

Usiku ule alilala akifanya hesabu ya maneno. Jumamosi asubuhi alivaa gauni zuri, akaenda kwa mama.

Alitaka kusimama nje, chini ya dirisha, aseme kutokea hapo, sharti halikukataza. Hakufikiri kwamba Jumamosi ni siku ya watu. Foleni ilifika hadi kwenye nguzo ya taa. Ndani, fundi cherehani alikuwa akipitisha mikate, mikono myeupe kwa unga mpaka viwikoni, na sauti ya mama ilifika hadi njiani ikimsuta mtu kwa kununua nusu mkate na ana watoto sita. Watu walicheka. Tulivu aliinua mkono. Mama alimwona, na uso wote ukang'aa.

"Mwanangu! Umekonda! Ngoja niwamalize hawa, ngoja hapo hapo, watanila nikiwaruka."

Basi akapanga foleni. Mbele yake alikuwapo bibi mmoja aliyehamia mtaa ule karibuni, ambaye hakumjua. Akageuka, akamtazama toka kichwani kwenye nywele fupi hadi viatuni.

"Mara ya kwanza hapa?" aliuliza kwa ukarimu.

"Nilikuwa nakuja zamani."

"Ah. Mkate ni mzuri, lakini siri si mkate. Mimi naishi peke yangu, mkate mmoja unanikaa siku tatu, na bado nakuja kila siku. Yule mama ukimpa dakika mbili tu anakuuliza habari, na anangoja jibu." Akashusha sauti. "Usimchukulie dakika tatu, tu. Watu wa nyuma wananuna."

"Nimekuelewa," alisema Tulivu.

Foleni ilisogea. Bibi alipata dakika zake mbili, akaenda zake akitabasamu. Tulivu akafika kwenye kizingiti. Kwa karibu aliona kwamba vifundo vya mama vimezidi kuvimba, na kwamba mama amepaka mafuta usoni, na kwamba ana furaha. Mama alinyoosha mikono miwili iliyopinda, akausukuma mkate wa moto kuelekea kwake.

"Wa kwako sichukui pesa. Haya, nipe. Habari za kazi?"

Tulivu alifungua mdomo. Yalikuwamo yote, barua, makofi, miaka mitatu, redio. Nyuma yake mtu alikohoa, na mwingine akauliza kama mikate ya mviringo imebaki.

"Nzuri, mama," alisema, akachukua mkate, akapisha.